Maswali na Majibu ya Magari: Maji ya Waipa ya Nyuma Yanapopotelea Ndani ya Gari

Swali

Mzee wetu wa safu ya magari, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Mbezi Beach na ninaendesha Toyota IST niliyoinunua ikiwa imeshatumika Japani. Tangu mvua za vuli, nikibonyeza swichi ya maji ya waipa ya nyuma nasikia pampu ikilia kule mbele na waipa inafuta, lakini kioo kinabaki kikavu. Maji ya kioo cha mbele yanatoka bila shida. Wiki mbili zilizopita nilianza kusikia harufu ya uvundo, na nilipopapasa zulia la nyuma upande wa kushoto, pale abiria anapoweka miguu, nikakuta limelowa, ingawa siku zile mvua haikuwa imenyesha. Gereji ya kwanza niliyokwenda iliniambia kwamba ni lazima washushe dari lote na kung'oa viti, nami nikaogopa. Fundi wa pili alifungua kava la mlango wa buti kwa bisibisi, akavunja klipu kadhaa, hakuona kitu, akalirudisha. Sasa kila ninapopita barabara ya vumbi kava hilo linagonga kama njiti ndani ya kiberiti. Je, naweza kuifanya kazi hii mwenyewe nikisaidiwa na mwanangu wa kidato cha 4? Nianzie wapi, na ni nini hasa kinachopaswa kufunguliwa?

Msomaji, Mbezi Beach

Jibu

Marahaba, binti yangu, na pole kwa usumbufu uliokupata. Kazi hii unaiweza, na huenda ukaifanya vizuri kuliko fundi mwenye haraka, kwa sababu kufungua kava za ndani ya gari hakuhitaji nguvu. Kunahitaji mtu aliye radhi kutumia dakika 10 kutafuta mahali pa kuvuta kabla hajavuta. Hata hivyo nakuomba usifungue chochote leo. Dalili ulizonieleza zina habari nyingi, na ni vyema tuzisome kwanza, maana kila kava lisilofunguliwa ni kava lisilovunjika.

Magari mengi ya Japani ya umbo hili yana tangi moja tu la maji ya waipa, lililofichwa nyuma ya bampa la mbele au ndani ya fenda, na tangi hilo huhudumia vioo vyote viwili. Baadhi yana pampu mbili zilizochomekwa kwenye tangi hilo, moja ya kioo cha mbele na nyingine ya kioo cha nyuma. Mengine yana pampu moja yenye matundu mawili ya kutolea maji: mota ikizunguka upande mmoja maji huenda mbele, na swichi ikigeuza umeme mota huzunguka upande wa pili na maji huenda nyuma. Vyovyote gari lako lilivyo, pampu inalia unapobonyeza swichi ya nyuma, kwa hiyo fyuzi ni nzima, swichi ni nzima na umeme unafika. Aliyekuambia ubadilishe pampu, kama yupo, mshukuru na uachane naye kwa sasa. Maji yanaondoka kwenye tangi, hayafiki kwenye kioo, na zulia limelowa. Yanapotea njiani.

Njia yenyewe ni ndefu. Kutoka kwenye tangi, mpira mwembamba, ambao kwa kawaida tundu lake la ndani ni kama milimita 4, hupenya ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria, kisha hufuata mojawapo ya njia mbili. Katika magari mengine hupita chini, kwenye vizingiti vya milango pamoja na fungu la waya, na kupanda kwenye nguzo ya nyuma. Katika mengine hupanda nguzo ya mbele na kupita juu, pembeni mwa dari. Njia zote mbili huishia kwenye bawaba za mlango wa buti, ambako mpira huingia ndani ya ile raba nyeusi yenye mikunjo inayounganisha bodi na mlango, kisha huenda kwenye nozeli iliyo juu ya kioo. Katika safari hiyo mpira haukutengenezwa wa kipande kimoja. Kuna viungio vya plastiki mahali pawili au patatu, na mara nyingi kuna vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Kila kiungio ni mahali pa kuvuja.

Sasa zingatia hili: maji hushuka. Kama mpira ungekuwa umekatika kwenye bawaba za buti, ungeona alama ya maji kwenye dari karibu na kioo cha nyuma, au maji yangekusanyika kwenye shimo la tairi la akiba chini ya sakafu ya buti. Nyanyua ile sakafu ya buti, utoe tairi, upapase shimo lake kwa mkono. Ikiwa pamekauka, na dari halina alama ya rangi ya chai, basi dari halihusiki hata kidogo, na pendekezo la kulishusha lilikuwa ni kuanzia kazi mwisho. Zulia lililolowa penye miguu ya abiria wa nyuma upande wa kushoto linaelekeza kwenye kizingiti cha upande huo au kwenye mguu wa nguzo ya nyuma. Wapo watakaokuambia kwamba ni maji ya kiyoyozi. Bomba la kiyoyozi likiziba, kwa kawaida maji huanza kumwagika mbele, chini ya dashibodi. Ukitaka uhakika, tia kwenye tangi ile sabuni maalumu ya kioo, bonyeza swichi ya nyuma mara kadhaa, kisha kandamiza tishu nyeupe kwenye zulia na uisugue kati ya vidole. Ikiteleza na kutoa harufu ya sabuni ile, umepata jibu. Kila unapobonyeza usizidishe sekunde chache, kwa sababu maji hayo yanaingia ndani ya gari lako, na pia pampu ikiendeshwa tangi likiwa tupu huungua.

Kuna jambo jingine la kufanya kabla ya kugusa kava. Mwache mwanao aketi kwenye usukani, gari likiwa mahali tulivu, injini imezimwa na swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa. Wewe inama na utege sikio karibu na kizingiti cha mlango wa nyuma wa kushoto, kisha mwambie abonyeze. Mpira ulioachia kiungio hutoa mlio mwembamba wa maji yanayopiga bati, na sikio la binadamu hulifikia eneo lake kwa kosa la kiganja kimoja tu. Nimeona watu wakifungua nusu ya gari kutafuta kitu ambacho wangekisikia kama redio ingezimwa.

Baada ya hapo ndipo tufungue. Vifaa vyako ni bisibisi ya nyota, spana namba 10, tochi, wembe mpya, kipande cha kamba ya nailoni chenye urefu wa mita 3 hivi, na vile vijiti bapa vya plastiki vya kung'olea kava, ambavyo hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya magari Kariakoo. Ukivikosa, mwiko wa plastiki wa jikoni wenye ncha nyembamba unafaa kabisa. Bisibisi ya chuma iwe ya kufungulia skrubu tu. Ukiiingiza ubavuni mwa kava, nguvu yote hukaa kwenye nukta moja, plastiki hubonyea na kupauka, na klipu hukatika shingo. Hivyo ndivyo kava lako la buti lilivyoharibiwa. Fanya kazi asubuhi gari likiwa limepata jua kidogo, kwa kuwa plastiki yenye uvuguvugu hupinda, na ile iliyotoka kwenye kiyoyozi hupasuka.

Chomoa terminali hasi ya betri, usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kava lolote. Muda huo umo kwenye maelekezo ya ufundi ya Toyota, na sababu yake ni mifuko ya hewa ya usalama, yaani eabegi, pamoja na mikanda inayojikaza ajali inapotokea, ambayo hubaki na akiba ya umeme kwa muda mfupi hata betri ikiwa imechomolewa. Chini ya kava la kizingiti utaona waya zenye soketi za njano. Hizo ni za mfumo huo. Usizivute, usizichomoe na usizitumie kama mahali pa kufungia mpira. Jambo moja la kuuliza mapema: baadhi ya redio zilizokuja na magari ya Japani hujifunga betri ikichomolewa na hudai namba ya siri ili zifunguke, kwa hiyo ulizia redio yako kwanza.

Fungua mlango wa nyuma wa kushoto. Utaona raba ya mlango imekumbatia ukingo wa bati. Ivute kwa vidole sehemu ya chini tu, itoke taratibu. Sasa ukingo wa kava la kizingiti uko wazi. Ingiza kijiti cha plastiki kwenye mwisho mmoja, karibu kabisa na mahali unapohisi klipu ya kwanza, na uinue kwenda juu moja kwa moja, si kulivuta kuelekea nje. Utasikia mlio wa klipu ya kwanza kuachia. Usihamie mwisho wa pili wa kava. Sogea kwenye klipu inayofuata, kisha inayofuata. Likigoma mahali, simama na utazame, kwani mara nyingi huwa kuna skrubu iliyofichwa chini ya kifuniko kidogo, au ukingo wa kava jirani umelilalia. Kava hizi hupandana kama mabati ya nyumba, na lile la juu ndilo linalotangulia kutoka.

Likishatoka, inua ukingo wa zulia na umulike kwa tochi. Nitakueleza utakachokiona, kwa sababu nimekiona mara nyingi. Fungu la waya limelala kwenye bati likiwa limefungwa tepu, na kando yake kuna mpira mweusi mwembamba. Mahali fulani mpira huo unaingia kwenye kiungio cha plastiki chenye urefu wa kifundo cha kidole. Upande mmoja mpira umebana vizuri. Upande wa pili umetoka, au umebaki umening'inia kwenye ncha, na mdomo wake umepanuka kama tarumbeta na hauna uwezo tena wa kukumbatia plastiki. Pembeni yake bati lina michirizi myeupe ya maji yaliyokauka. Joto la Dar es Salaam na umri ndivyo vilivyoufanya hivyo. Mpira hukakamaa, na kila pampu inapolia shinikizo humalizia kuusukuma nje.

Usiurudishe vilevile ulivyo. Kata kwa wembe kipande kilichopanuka, sentimita 1 au 2, ukihakikisha mkato umenyooka. Chovya ncha iliyobaki kwenye kikombe cha maji ya moto kwa muda mfupi ili ilainike, kisha isukume kwenye kiungio mpaka ipite vile vinundu vya kiungio chenyewe. Kama mpira haufiki tena kwa sababu umefupishwa, tumia kiungio cha pili na kipande kipya cha mpira wa ukubwa uleule. Mpira wa hewa wa tangi la samaki wa mapambo huwa na tundu la kipimo hicho na unafaa. Mpira wa dripu ya hospitali, ambao mafundi wengine huupenda, ni laini kupita kiasi. Ukipinda kwenye kona hujikunja na kuziba. Gundi ya papo kwa papo na solotepu hazina kazi hapa. Gundi hukausha mpira na kuupasua, na solotepu haizuii maji yenye shinikizo.

Ikiwa mpira wenyewe umekakamaa kote kiasi kwamba ukiupinda unatoa mlio na kuonyesha nyufa za kijivu, ubadilishe sehemu yote inayopita kizingitini. Hapo ndipo ile kamba ya nailoni inapohitajika. Ifunge kwenye ncha ya mpira wa zamani kabla hujauvuta, ili mpira unapotoka kamba ibaki mahali pake, kisha ifunge kwenye mpira mpya na uvute kurudi. Mtu aliyeuvuta mpira wa zamani bila kamba ndiye anayelazimika kung'oa nguzo na dari, na mwenye gari ndiye anayelipia.

Kabla ya kurudisha kava hata moja, hakikisha hakuna soketi uliyoichomoa, rudisha terminali ya betri na ujaribu. Zungushia tishu kavu kwenye kila kiungio ulichokigusa, mwanao abonyeze swichi mpaka maji yatoke kwenye kioo. Kwa kuwa mpira ulikuwa mtupu, yatachukua sekunde kadhaa kufika. Tishu ikibaki kavu, kiungio kimekaa. Ikilowa hata kidogo, kifungue ukifanye upya, kwa sababu tone la leo litakuwa uvundo wa mwezi ujao.

Zulia lisichukuliwe kuwa jambo dogo. Chini ya zulia la gari kuna sponji nene inayofyonza maji na kuyashika. Ukilikausha juu tu, sponji itabaki imelowa, ukungu utaendelea, na bati lililo chini yake litaanza kutu kimyakimya. Linyanyue zulia kutoka kwenye bati, uweke vipande vya mbao katikati ili hewa ipite, uache milango wazi juani kwa siku nzima, na urudie siku ya pili ukiona bado sponji ina ubaridi. Soketi zozote za waya zilizolowa zikauke pia kabla ya kufunikwa.

Sasa lile kava la buti linalogonga. Lazima litoke tena ili lirudi vizuri, na safari hii kwa utaratibu. Kwa kawaida kava za pembeni ya kioo na ile ya juu hutangulia, kisha ndipo lile kubwa la chini. Tazama ndani ya kishikio cha kufungia mlango: mara nyingi mna skrubu moja au mbili zilizofichwa, na fundi asiyeziona ndiye anayepasua kava. Ukishazitoa, anza kuvuta kwenye ukingo wa chini, mikono yote miwili ikiwa karibu na klipu, kwa mvuto mfupi na ulionyooka. Klipu nyingine zitabaki zimechomekwa kwenye bati. Zitoe kwa plaizi na uzirudishe zote kwenye kava, kwani klipu iliyobaki kwenye bati haitaingia vizuri kwenye kikalio chake kava linaporudishwa. Zilizokatika zihesabu. Usiende kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani kununua nyingine kwa maelezo ya mdomo. Nenda na klipu nzima moja mfukoni uilinganishe shingo, kichwa na urefu, kwa maana klipu mbili zinazofanana machoni zinaweza kupishana milimita moja, na milimita hiyo ndiyo inayogonga barabarani. Nunua mbili au tatu za ziada. Ikiwa kilichovunjika ni kikalio cha klipu kwenye kava lenyewe, kisafishe kwa spiriti na ukijenge upya kwa gundi ya epoksi ya mirija miwili, ukiacha ikauke usiku mzima. Unaporudisha kava, tazama kila klipu ikiwa imeelekea tundu lake kabla ya kupiga kwa kiganja, kisha rudisha raba ya mlango juu ya ukingo wa kava kote. Raba iliyonaswa chini ya kava itaingiza mvua ya masika ndani, na utadhani kwamba ni mpira wa maji umeachia tena.

Swali

Ndugu mwandishi, gari langu linatoa maji nyuma lakini yanadondoka tu kama ya bomba bovu, hayarukii kioo. Je, na mimi nifungue kava za ndani? Natumia maji ya kisima cha nyumbani, ni masafi na hayana rangi.

Msomaji, Kigamboni

Jibu

Hapana, ndugu yangu, kava ziache zilivyo mpaka nozeli ithibitike kuwa haina kosa. Maji ya visima vingi vya ukanda wetu wa pwani yana chumvi, na usafi wa macho hauionyeshi. Matone yakikauka kwenye tundu la nozeli huacha chumvi na chokaa, na tundu lenyewe ni dogo kuliko kichwa cha pini. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa chumvi haitoki na mvuke. Inabaki ikiwa imekolea zaidi.

Chukua pini nyembamba, uizungushe taratibu ndani ya tundu bila kulipanua, kisha weka juu yake pamba iliyolowa siki kwa nusu saa na ujaribu tena. Isipopona, ichomoe nozeli na uuache mpira peke yake huku mtu akibonyeza swichi. Mpira ukirusha kwa nguvu, nozeli ndiyo mbovu na inabadilishwa. Mpira nao ukitoa maji kwa ulegevu, shida iko nyuma zaidi: vali ya kuzuia maji imeganda, mpira umekunjwa mahali, au ute wa kijani umeziba kichujio kilicho chini ya pampu. Ute huo huota kwenye maji matupu yanayokaa muda mrefu kwenye tangi lenye joto. Usipulize wala kunyonya mpira kwa mdomo kama wafanyavyo wengine, kwa sababu maji maalumu ya kioo huweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu. Tumia pampu ya mkono ya baiskeli, kwa upole, ukiwa umechomoa mpira pande zote mbili ili usipasue viungio vya ndani.

Kuanzia sasa jaza maji yasiyo na chumvi, ama ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa ama ya kunywa, pamoja na sabuni maalumu ya kioo. Sabuni ya vyombo hutoa povu na kuacha utando unaong'aa usiku taa za gari la nyuma zinapokupiga.

Swali

Shikamoo mzee. Mimi ni fundi kijana hapa Temeke. Nimeletewa gari ambalo mpira wa maji ya waipa ya nyuma umepita juu, na umekatika kwenye raba ya mikunjo ya mlango wa buti. Nguzo zake zina maandishi ya SRS. Mwenzangu anasema nishushe dari, nitoe kava zote za nguzo nipitishe mpira mpya kuanzia mbele. Nifanyeje?

Fundi, Temeke

Jibu

Marahaba, mwanangu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kuvuta. Maandishi hayo ya SRS kwenye kava la nguzo yanakuambia kwamba pembeni mwa dari kuna eabegi ya pazia iliyokunjwa, tayari kushuka mbele ya kioo gari likigongwa ubavuni. Eabegi hiyo hushuka kwa kulisukuma kava, ndiyo maana katika magari mengi kava la nguzo ya mbele hufungwa kwa klipu maalumu yenye kamba ya kulizuia lisiruke. Klipu nyingi za aina hiyo zimekusudiwa kutumika mara moja. Ukilitoa kava, klipu inabadilishwa. Ukiirudisha ya zamani iliyolegea, au ukilibandika kava kwa gundi au silikoni, siku ya ajali kava linaweza kumrukia abiria usoni au kuizuia eabegi isifunguke. Mteja hawezi kuyaona hayo, kwa hiyo wewe ndiye wa kuyaona kwa niaba yake.

Lakini kwa maelezo yako kazi hii haifiki huko. Mpira umekatika kwenye raba ya mikunjo, na hapo ndipo unapokatika mara nyingi zaidi, kwa kuwa kila mlango unapofunguliwa mpira hupinda palepale. Raba hiyo ina ukingo ulioingia kwenye tundu la bati. Ubonyeze kwa vidole gumba upande mmoja, uukunje kuelekea ndani, nayo itaachia upande wa bodi. Fanya hivyo pia upande wa mlango. Ndani utakuta mpira pamoja na waya za taa ya namba, mota ya waipa, kufuli na mistari ya joto ya kioo. Zikague waya hizo moja moja ukizipinda taratibu, kwa maana zimepinda miaka ileile na mpira, na ukiona ganda limepasuka na shaba inaonekana, ziunge vizuri sasa hivi ukiwa umeshafungua.

Kata mpira pande zote mbili mpaka ufikie mahali penye unyumbufu, kisha weka kipande kipya. Viungio viwili utakavyotumia visikae ndani ya mikunjo. Kimoja kiwe upande wa bodi na kingine ndani ya mlango, ili sehemu inayopinda iwe mpira mtupu usio na kiungio. Mwachie mpira ulegevu wa kutosha mlango ukiwa wazi hadi mwisho. Ili kukifikia kiungio cha upande wa bodi utahitaji kulegeza ukingo wa nyuma wa dari tu, klipu mbili au tatu, ukiushika kwa mikono miwili ili dari lisivunjike mkunjo, maana mkunjo wa dari haufutiki. Kava za nguzo za mbele na za katikati usiziguse.

Ikiwa baadaye utagundua kwamba mpira wa mbele nao umekakamaa, zungumza na mteja umpitishie mpya chini kwenye vizingiti badala ya kuupitisha tena nyuma ya eabegi. Ufunge kwenye fungu la waya za kawaida kwa zipu tai zisizobana sana, mbali na soketi za njano na mbali na reli za viti, na umwonyeshe mteja njia hiyo kabla hujafunika, ili fundi atakayefuata aelezwe.